Risasi za Kaka Zilipogoma

Risasi ikigoma, usiishushe bunduki. Hilo ndilo jambo la kwanza kaka yangu alilonifundisha kuhusu silaha, na alilisema kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia zamani kunikataza kusogelea jiko. Unafyatua, unasikia tik, mlio wa ukucha juu ya meza, halafu kimya. Basi unabaki vilevile, mtutu umeelekea shabaha, bega umelikaza, unangoja nusu dakika. Kuna risasi ambazo hazijagoma, zimechelewa tu, na ukiwa na pupa ya kufungua bunduki inaweza kukulipukia usoni.

Siku ile kaka alingoja. Tulikuwa kwenye uwanja wa shabaha huko juu, ukishapita mji wa Coon Rapids, huku Minnesota, majani yameanza kugeuka rangi. Mimi nilikuwa nyuma yake na vizibo masikioni, nikitazama shingo yake. Ilikuwa imekonda hata kola ya koti inaizunguka bila kuigusa. Nusu dakika ni muda mrefu sana ukiwa huna pa kutazama ila shingo ya mgonjwa wako.

Akafungua, risasi ikatoka nzima. Akatia nyingine. Tik. Akangoja tena. Iliyofuata ililia vizuri mpaka nikaruka, halafu tik, halafu tik. Zaidi ya nusu ya zile alizokuja nazo ziligoma. Tulipoingia garini akaegemeza kichwa kwenye kioo cha mlango.

"Season ya kuwinda inafunguliwa November," akasema, "na sina hata moja naweza kuiamini."

Sisi ni watu wa Voi. Kwetu ukikutwa na mguu wa paa kwenye sufuria, unaondoka na askari wa wanyamapori, wewe na sufuria yako. Ndiyo maana kaka alipompigia mama simu, miaka hiyo mama yu hai, kumwambia kwamba amenunua bunduki na ameingia msituni na kuua kulungu, mama hakusikia furaha yake hata kidogo. Aliuliza kama huko Marekani hakuna askari. Kaka akamweleza kwamba ana leseni, na kwamba serikali yenyewe inamtaka avae nguo za rangi ya machungwa ili aonekane vizuri. Mama akasema mwizi anayevishwa nguo ya kuonekana hajawahi kumsikia, akataka kuongea na mtu mwingine mwenye akili.

Kaka alikuwa amefika Minnesota kabla yangu. Kazi yake ilikuwa Fridley, kwenye kiwanda cha kukata vyuma, na mzee mmoja mzungu wa mashine ya jirani ndiye aliyempeleka msituni mara ya kwanza. Alirudi na mafua ya wiki nzima na mapenzi yasiyotibika. Mzee huyo ndiye pia aliyemfundisha kujitengenezea risasi, akamwachia na sheria zake zote kabla hajastaafu na kuhamia kwenye majimbo ya joto. Tangu hapo chumba cha chini cha nyumba yake na mkewe ya Brooklyn Park kikawa karakana.

Kazi yenyewe nitaieleza kama nilivyoielewa. Ganda la shaba lililokwisha kutumika unalisafisha, unalirudisha umbo lake, unatia fataki mpya kitakoni, unapima baruti na kuimimina, kisha unashindilia kichwa juu. Fataki ni kikombe cha chuma kidogo kama punje ya dengu. Ndani yake mna dawa kavu. Pini ya bunduki ikikigonga, dawa inatoa cheche, cheche inawasha baruti. Fataki ikifa, hayo mengine yote ni mapambo.

"Lakini za dukani zinaua vilevile," nilimwambia wakati mmoja.

"Na ugali wa hoteli unashibisha vilevile. Mbona wewe unapika?"

Watu wa kanisani walimcheka, kisha kila mwaka walikuja na vyombo vyao. Jirani yetu Mkongo alikuwa akiwahi kichwa na miguu. Wenye kusema nyama ya porini hawali, walikula ikishapikwa na kitunguu na hawajaambiwa ni ya nini.

Halafu saratani ya utumbo ikaingia. Walimpasua, wakampa dawa, wakabadilisha dawa. Mwaka huo ninaousimulia, daktari hakutaja miezi, lakini alikuwa ameacha kuzungumzia mwaka unaofuata, nasi sote nyumbani tulilisikia hilo. Kaka naye alilisikia. Hakuomba safari wala sherehe. Friza ilikuwa bado na nyama, kwa hiyo hata kulungu hakumwania sana.

"Nataka niketi pale juu ya mti wangu wa kuvizia mara moja tu," aliniambia, "na risasi iliyotoka kwa hii mikono, na ilie. Hata nikikosa. Ilie tu."

Mikono yenyewe sasa. Dawa za saratani zilikuwa zimemtia ganzi kwenye ncha za vidole. Vifungo vya shati hakuviweza. Sarafu ikianguka mkononi mwake hajui. Ndipo akaniita mimi dada yake: "Nikopeshe vidole siku za Saturday." Mimi kazi yangu ni hospitalini Coon Rapids, kusafisha na kupanga vyuma vya upasuaji kwenye trei. Nimezoea vitu vidogo, vikali, visivyotaka mchezo. Nikaja, ila kutia fataki alikatalia kwamba ni kazi ya mkono wake mwenyewe.

Na kuja kwangu kulimaanisha kukutana na wifi. Mimi na wifi yangu hatujawahi kutukanana. Tuligombana kwa sufuria. Nikileta mchicha ananishukuru sana, anautia kwenye friji, na wiki inayofuata naukuta palepale umelala umesinyaa. Alikuwa na utaratibu wake wa mgonjwa, saa zake, dawa zake, na kila nilipouliza swali alinijibu kama ninayeuliza njia. Usiku alikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee, akiosha na kugeuza wazazi wa watu. Asubuhi akirudi, kabla hajavua hata sare, anaketi jikoni mbele ya kaka, anachota mafuta ya mgando kwenye mkebe, anayapasha joto kati ya viganja vyake, kisha anachukua mkono wa kaka na kuupaka. Kidole kimoja kimoja, mpaka kwenye kifundo. Halafu wa pili.

Ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka kwa dawa na kwa hewa ya huku, hilo kweli. Lakini haikuwa tiba tu. Kwetu mtu hatoki nje amepauka. Mtu aliyepauka ni mtu asiye na mtu wake. Nilikuwa nawakuta pale jikoni, hawaongei, nami nasimama na funguo za gari mkononi nikiona kwamba wifi anajionyesha. Wivu ni ugonjwa, nami nilikuwa nao.

Basi tukaanza kutafuta kilichokuwa kinazigomesha risasi. Kaka alikuwa na njia yake ya kiwandani: unabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, na unakaa kimya mpaka kikupe jibu. Mimi ningebadilisha vyote mara moja, nikiomba Mungu. Alianza na bunduki. Tulifungua komeo lake, tukatoa pini na springi yake, tukafuta grisi yote ya zamani, kwa sababu grisi ikishikwa na baridi hunenepa na pini ikagonga kwa uvivu. Kisha tukarudi uwanjani na pakiti ya risasi za dukani. Zote zililia. Bunduki haikuwa na kosa.

Akaniambia nitazame zile zilizogoma, kwenye kitako, pale pini ilipopiga. Alama ilikuwa katikati, imezama vizuri. Maana yake zimegongwa sawasawa na zikakataa. Akaniambia nipitishe kidole, nisikie kama fataki zimekaa chini kidogo ya ukingo, kwa kuwa iliyokaa juu humeza nguvu ya pini. Vidole vyake havikuweza kusikia hilo tena. Vyangu vilisikia kwamba zimekaa vyema, nikamwambia, akafurahi kama mtoto aliyesifiwa daftari. Tukavunja moja tukatazama baruti: kavu, haijaguswa na moto. Labda unyevu wa chumba cha chini umeingia kwenye pakiti ya fataki. Akatoa pakiti mpya ambayo haijafunguliwa. Jumamosi iliyofuata, tik.

Kikabaki kitu kimoja ambacho hatukuwa tumekibadilisha.

Yeye ndiye aliyekitaja. Alipendekeza tutie fataki kwenye maganda matupu, bila baruti wala kichwa, mimi nitie mengine na yeye mengine, tuyapige hivyohivyo. Yangu niliyatia mstari wa kalamu ubavuni. Uwanjani nikampa moja langu, likasema pa! Nikampa lake, tik. Langu, pa. Lake, tik, akangoja nusu dakika yake, ingawa ndani hamkuwa na baruti ya kungojea. Lake moja lililia, la pili likagoma, na la tatu. Yangu yote yalilia.

Alifunga bunduki kwenye mfuko wake taratibu. Garini akaitazama mikono yake imelala mapajani, viganja juu.

"Ni mkono," akasema. "Huu mkono umeshakufa, sasa umeanza kuua."

Kaka yangu akalia. Sikumwona akilia tulipomzika baba, wala tulipomzika mama, na sasa analia kwa sababu ya vikombe vya dengu. Nilitaka kumwambia aache upuuzi, nikashindwa, kwa sababu mimi mwenyewe niliamini. Niliendesha mpaka Brooklyn Park. Nilimchukia daktari, nikaichukia dawa, nikamchukia na Mungu kidogo.

Jumamosi iliyofuata nilienda kumsaidia kufunika mashine, kwa kuwa alikuwa amesema basi. Mezani pale chini alikuwa akitandika karatasi nyeupe kila mara kabla ya kazi, ili kitu kikianguka kionekane. Niliikunja niitupe, nikaiona kwenye mwanga wa taa. Ilikuwa na madoa, pale vidole vyake vilipokuwa vikiegemea, madoa yanayopitisha mwanga, kama gazeti lililofungiwa mandazi.

Nikasimama. Pale kazini kwetu, siku ya kwanza kabisa wanakukataza kupaka mafuta mikononi kabla ya kugusa vyuma. Nilichukua karatasi safi, nikamshika kaka kidole, nikakikandamiza juu yake. Doa likatoka. Na kwa vile vidole vyake havina hisia, fataki alikuwa akiibana muda mrefu, anaigeuzageuza, anaitazama kwa macho kujua kama kweli ameishika. Mafuta yalikuwa yanaingia kwenye ile dawa kavu na kuilowesha. Baadhi zilinusurika, nyingi zilikufa.

"Kaka, si mkono!" nikapiga kelele. "Ni mafuta! Mkono ni mzima!"

Alichukua muda kuelewa. Kisha akacheka, kicheko chake cha zamani kinachoanzia tumboni, mpaka akashika kidonda chake cha operesheni. Alinifanya nimuonyeshe tena na tena kwenye karatasi. Tulikuwa tumefurahi wawili sisi, kwenye chumba kile kinachonuka shaba, na kama ningepewa kuchagua siku moja ya mwaka ule niirudie, ningeichagua ile, dakika zile tu.

Kwa sababu baada yake nilifungua mdomo. "Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema. "Kumbe ni yule bibi yako na mkebe wake. Ngoja nimwambie." Na nilishaweka mguu kwenye ngazi. Sitasingizia kwamba nilikuwa na nia njema. Nilikuwa nimepata fimbo.

"Kaa chini," kaka akasema.

"Nimwambie tu aache, ndiyo utengeneze—"

"Nimesema kaa."

Nikakaa kwenye ngazi. Akaifuta mikono kwenye suruali, bure tu.

"Wewe unajua yeye anashinda na nini?" akasema. "Usiku anaosha wagonjwa wa watu. Anarudi hapa, ana mgonjwa wake, na hakuna kitu anaweza kumfanyia. Dawa ni ya daktari. Chakula sili. Kitandani hawezi kunigeuza bila kuniumiza. Kitu kimebaki ni hii mikono. Umwambie mafuta yake ndiyo yanaharibu risasi zangu? Ati hicho kitu kimoja alikuwa ananifanyia kilikuwa kinaniharibia? Mimi nitaenda. Yeye atabaki na hilo neno. Kila siku atalisikia."

"Si ni kitu kidogo, kaka. Atacheka."

"Leo atacheka. Mwakani hatacheka."

Nikaanza kutoa mapendekezo. Anawe kwa sabuni kabla ya kazi. Alijaribu wiki hiyo. Mafuta ya miezi yalikuwa yamezama kwenye nyufa, na sabuni ya kuyatoa ilizipasua upya mpaka zikatoka damu. Avae glavu. Na glavu, hata yale macho yake yalishindwa, fataki zilidondoka zikaviringika chini ya mashine, nami nikawa natambaa na tochi. Basi nitie mimi fataki, yeye afanye mengine.

"Hapo mwindaji ni wewe," akasema. "Mimi nimekubebea bunduki tu."

Ilibaki njia moja: ngozi ipumzike bila mafuta kwa siku kadhaa, ikauke, atengeneze risasi chache tu, kisha arudi kupakwa. Aliniambia atamwomba mkewe bila kumpa sababu. Mimi niliona ni jambo rahisi. Sijaolewa, labda ndiyo maana.

Alinisimulia baadaye jinsi lilivyokwenda. Asubuhi wifi alipoketi na kufungua mkebe, kaka alimwambia, wacha kwanza wiki hii. Wifi akauliza, kunauma? Akasema hapana. Akauliza, nimefanya vibaya? Akasema hapana, wacha tu. Wifi akafunika mkebe, akaenda kulala bila kunywa chai. Asubuhi ya pili alirudi kutoka kazini akaketi upande wa pili wa meza, na sare yake, ameweka mikono yake mezani. Hakuuliza tena kitu. Alimwambia habari za theluji iliyotabiriwa. Mikono ilikaa tu pale.

"Sikujua mikono ya mtu inaweza kukosa kazi namna ile," kaka akaniambia.

Asubuhi ya tatu alinyoosha yake juu ya meza, kuvuka vikombe, akamwambia, njoo unipake, nimepauka.

Nilipolisikia hilo nilimaka. Nilimwita kila jina. Nikamwambia mwanamume mzima anashindwa na mkebe wa mafuta ya watoto wachanga. Nikamwambia ni yeye aliyesema anataka risasi moja tu, moja, na kwamba siku zinakwisha, neno ambalo hatukuwa tumewahi kulisema.

"Ni kweli zinaisha," akasema. "Ndiyo nachagua."

Akanitaka niape kwamba sitamwambia mkewe. Nikaapa kwa kaburi la mama, nikiwa nimekasirika.

Siku ya kwanza ya msimu nilienda kwao asubuhi, kwa mazoea tu, na chapati. Theluji nyepesi ilikuwa imeanguka. Wenzake wa kiwandani walikuwa msituni tangu alfajiri, na simu yake ilikuwa juu ya meza inalialia, mmoja baada ya mwingine anamtumia picha ya kulungu wake. Kaka alitaka kuzitazama. Vidole vilikuwa vimelowa mafuta na havina hisia, simu haikumtambua. Alisugua kioo, akasugua. Wifi, aliyekuwa akimpaka, akafuta mkono wake mmoja kwenye sare, akamsogezea picha kwa kidole, taratibu, huku mkono wa pili ukiendelea kumkanda.

"Huyu ni mkubwa," wifi akasema, yeye asiyejua kulungu mkubwa ni yupi.

"Mkubwa sana," kaka akasema.

Alinitazama juu ya kichwa cha mkewe. Nilitafuta majuto kwenye uso ule, kwa kuwa yangu yalikuwa mengi na nilitaka mwenzangu. Sikuyaona. Niliona mtu aliyechoka, anayepata joto. Nikaweka chapati mezani. Wifi akachukua moja hapohapo, akaila akiwa ameketi, na alipomaliza akachukua nyingine.

Kaka alituacha theluji ikiwa bado nene. Tulimrudisha nyumbani Voi tukamzika kando ya wazazi, kwenye jua kali, kisha mimi na wifi tukapanda ndege ileile kurudi kwenye baridi. Njiani alilala begani kwangu, na bega likafa ganzi, nikaliacha.

Majira ya kuchipua akanipigia simu nikamsaidie chumba cha chini. Bunduki ilikuwa imekwisha chukuliwa na mwenzake mmoja wa kazini. Risasi zilizobaki hakuna wa kuzichukua. Ni sheria ya wenye kazi hiyo, ile aliyoachiwa na mzee: risasi iliyotengenezwa na mkono wa mtu mwingine haipigwi, kwa maana hujui alichotia ndani, na aliyejua akiondoka ameondoka na habari zake. Inavunjwa. Kuna nyundo maalumu ya plastiki, yenye mdomo. Unaitia risasi mdomoni, unagonga sakafuni, kichwa kinaachia na baruti inamwagika ndani.

Nikawa nagonga. Wifi alisimama kwenye ngazi kwanza, kisha akashuka, akavuta kile kiti cha kaka. Akaokota ganda mezani. Lilikuwa mojawapo ya yale yaliyogoma, na alama ya pini kitakoni. Akaligeuza kwenye mwanga.

"Hizi ndizo zilikataa?"

"Ndizo."

"Alikuwa ananiambia ni bunduki. Halafu akasema ni season mbaya. Halafu akasema hataki tena." Akapitisha kidole kwenye ile alama. "Mimi najua alitaka. Alikuwa analala akiota, anavuta kidole hivi. Wewe ndiye ulikuwa naye hapa chini, wifi. Niambie. Zilikuwa na nini?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Miaka yote ya mchicha uliosinyaa ilikuwa imelileta mpaka pale, na yeye mwenyewe ameliomba. Nilimtazama. Alikuwa amepungua, na viganja vyake vilikuwa vimepauka kabisa, vyeupe, kama vya mtu aliyeshika chokaa.

"Baridi," nikasema. "Hiki chumba kina baridi. Ziliingia baridi."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akakubali. Akaendelea kulishika lile ganda ndani ya ngumi yake, kama anayelipasha joto.

"Hata yeye alikuwa baridi," akasema. "Mikono, asubuhi, ilikuwa barafu. Ndiyo maana sikuwa naacha kumpaka."

Nikamwambia najua. Nikachukua risasi iliyofuata, nikaitia kwenye nyundo.